Buti za Miguu Isiyoulizwa

Jumatatu, 4 Machi
Bodi imempa mkuu wa ushonaji kiti cha ukurugenzi. Mwanamke. Mimi, mkuu wa mauzo, miaka kumi na minne katika kiwanda hiki cha viatu, nilishashonesha suti ya kukalia kiti hicho. Nimeivaa leo kumpigia makofi. Dereva wa kiwanda kaniuliza kama natoka harusini.

Mama Mkurugenzi hakupoteza muda. Anataka tushone buti za kazi za miguu ya wanawake. Nikasema soko hilo halipo. Akajibu kwa upole kwamba basi Ijumaa niiletee bodi ushahidi.

Jumanne, 5 Machi
Nimekwenda na fomu hamsini kwenye jengo linalojengwa. Msimamizi kasema wanawake wako nyuma wanabeba zege, niwasubiri kidogo. Nikasema nina haraka. Nimewauliza wanaume ishirini kama wake zao wanahitaji buti. Wote hapana. Mlinzi nimemwuliza mara mbili, maana alijibu vizuri.

Jumatano, 6 Machi
Fomu thelathini zilibaki tupu. Nimejifungia ofisini nikazijaza mwenyewe, nyingine kwa mkono wa kushoto, nikijifanya wanawake thelathini. Wote wamekataa buti. Mama wa chai alipoingia nikazilalia kama mwanafunzi anayeibia mtihani. Nina miaka hamsini na mmoja. Kaweka kikombe, katoka kwa kunyata. Afadhali angecheka.

Ijumaa, 8 Machi
Sijui nianzie wapi.

Nimesoma ripoti yangu kwa sauti nzito. Mkurugenzi hakubisha. Kafungua mlango tu, akawaomba wageni wake waingie: wanawake watatu wanaofanya kazi za sulubu. Wa tatu ni mke wangu, msimamizi wa ghala la saruji.

Kawaamkia wazee wa bodi kwa adabu. Kavua buti moja, ya kiume, akatoa ndani yake soksi mbili na kipande cha kanga kuukuu. Kasema amevaa hivyo miaka sita, na kucha mbili zimeng'oka. Mwenyekiti kamwuliza kama nyumbani hakuna wa kumsaidia kupata saizi yake.

"Mume wangu anauza buti, mzee," kajibu. "Hajawahi kuniuliza navaa namba ngapi."

Hakunitazama. Hakunitaja jina. Nilitamani ardhi ipasuke.

Kisha mkurugenzi akaomba fomu zangu. Kapekua, kasimama kwenye moja, nami nikaiona kutoka nilipokaa, kwa mwandiko wa kushoto: "Mimi kama mwanamke mwenye mke na watoto wanne." Kaikunja taratibu, akaiweka chini ya faili lake. Mwenyekiti hakuiona. Mkurugenzi angenizaba kofi ningeumia kidogo kuliko hivi.

Bodi imepitisha buti za wanawake. Mkono wangu nao uliinuka.

Jumamosi, 9 Machi
Mke wangu kaloweka miguu kwenye beseni. Miaka kumi na tisa nalala kando ya miguu ile, leo ndiyo nimeiona. Nikamwuliza anavaa namba ngapi.

"Unauliza kama mume au kama muuzaji?"

Nimekwenda kumwongezea maji ya moto. Yalikuwa moto mno.

Jumatatu, 11 Machi
Mkurugenzi hakunifukuza. Kanipa futi ya fundi na kazi: nizunguke kwenye viwanda, niwapime wanawake miguu, niwasikilize, ndipo tukate ngozi. Kasema ananiamini. Machozi yalinilengalenga. Nikaapa kwamba mimi ni mtu mwingine.

Nimeanzia kiwanda cha vigae. Wanawake arobaini, na wote wako kazini. Nikaona si ungwana kuwasumbua. Nimemwuliza bosi wao, mwanamume mtu mzima mwenye uzoefu, akachungulia dirishani akanikisia miguu yote arobaini. Kabla ya chai ya saa nne nilikuwa nimemaliza.