Chungu cha Mtani

Jumanne, 8 Agosti 1950

Habari kubwa! Dereva wa lori la Lindi kasema kuna bwana wa gazeti la Dar es Salaam, jina lake Kondo, anazunguka jimbo letu tangu Kilwa. Anaandika juu ya mahali pa kula vyakula vya asili panapofaa msafiri kusimama. Jumamosi atafika hapa Mingoyo, ale chakula cha mchana, kisha aendelee Mtama.

Atakula wapi? Kwangu! Nani mwingine ana kibao? HOTELI YA KIFALME, herufi nyekundu, nimezichora mwenyewe. Bati juu, meza nne, birika la shaba. Kweli wateja ni wachache. Leo alikuwa mmoja, binamu yangu Damiani, na Damiani ni ndugu, hahesabiki.

Hayo ya kuhesabika ni maneno ya mke wangu Romana. Aliondoka mwezi wa Juni, akarudi kwa baba yake Mtama. Alisema atarejea siku ambayo mgeni kabisa, si ndugu wala shemeji, atakula katika Hoteli ya Kifalme na kesho yake arudi kula tena. Baba mkwe, Mzee Kornelio, katekista mstaafu, akaongeza lake ambalo hakuombwa. Alisema hakumlea binti mwenye mikono ile ya kupika ili akafukuze nzi kwenye chapati zilizolala. Chapati zenyewe nilizipika mimi. Sikumruhusu Romana kugusa jiko, maana mwenye hoteli ni mimi.

Namkumbuka sana. Nyumba ina mwangwi.

Gazeti likiandika jina la hoteli yangu, wageni watakuja kwa malori, na Romana atakuja nao. Nimeapa.

Jumatano, 9 Agosti

Nimekwenda kupeleleza ng'ambo ya barabara, kwa Bi Esha Likwata. Banda la makuti. Hana kibao, hana birika la maana, wageni wanakaa juu ya magogo. Na bado malori yote yanasimama kwake! Watu wa njia hii hawana macho.

Nilivaa kofia ya Damiani nisijulikane. Bi Esha akanitambua kabla sijainama mlangoni. Akanikaribisha kwa sauti ya kusikika hadi Mitwero, akasema karibu mtani, ule ushibe, ila usiingie na kijiko mfukoni kama alivyofanya marehemu babu yako. Wateja wakacheka. Nikamjibu kwamba babu yangu alikuwa akitafuta nyama katika mchuzi wa bibi yake, na hadi leo haijaonekana. Wakacheka zaidi. Kidogo nikajisikia vizuri.

Nilikula ugali wa muhogo mweupe, kisamvu cha nazi na samaki mkavu. Kisha ming'oko. Ah, ile ming'oko! Mizizi ya porini tu, kila mtu anaichimba, lakini yake inamenyeka kwa kidole na ndani ni laini, ina chumvi ya kutosha na kautamu kwa mbali. Nilikula sahani tatu. Ilikuwa kazi ya upelelezi.

Sasa najua bwana wa gazeti atataka nini. Hatatoka Dar es Salaam kuja kula chapati. Anataka ming'oko.

Alhamisi, 10 Agosti

Nimechimba ming'oko mwenyewe. Tangu alfajiri, jembe na panga, porini nyuma ya Mingoyo. Miiba kila mahali. Nimerudi na kikapu nusu na suruali nusu.

Nikaichemsha kwa moto mkali iive upesi. Ilitoka migumu kama vigingi vya hema. Damiani aliuma mmoja, akaniomba maji. Akasema ming'oko ya Bi Esha hukaa motoni tangu asubuhi, moto mdogo, chungu kimefunikwa majani mpaka maji yakauke yenyewe. Nikamuuliza kwa nini hakusema mapema. Akajibu kwamba nilimwambia mwenye hoteli ni mimi.

Siku mbili zimebaki. Siwezi kujifunza mapishi ya mwanamke aliyepika miaka thelathini. Na kwa nini nijifunze, wakati chungu chenyewe kiko ng'ambo ya barabara tu?

Nimepata! Ukoo wetu na ukoo wa Bi Esha ni watani tangu enzi za mababu. Wasiojua na wajue, ingawa hili ni daftari langu na hakuna wa kulisoma: mtani akija kwako akachukua kitu, amechukua. Kuku, kofia, chakula kilichomo motoni, chochote. Mwenyewe hana ruhusa ya kukasirika. Akikasirika, yeye ndiye mwenye kosa, na atatozwa faini. Desturi nzuri sana. Sijui kwa nini sikuitumia siku zote.

Ijumaa, 11 Agosti

Ushindi!

Saa sita kamili nimevuka barabara. Banda limejaa. Nikasimama katikati, nikatangaza kwamba mtani nimekuja kuchukua haki yangu, nikakamata chungu cha ming'oko. Kilikuwa cha moto. Sikuwa nimelifikiria hilo. Nikakiachia, nikaruka ruka kidogo, nikarudi tena kwa ushujaa.

Bi Esha hakukasirika hata chembe. Alicheka mpaka akajifuta machozi kwa kanga. Akaniletea kata yake mwenyewe ya kuwekea mzigo, akanitwisha chungu vizuri kichwani, akaniasa nitembee polepole, kwa sababu ukoo wetu ukibeba kitu kizito akili humwagika. Akaniambia pia nisisahau kwamba mlango wangu na wake inatazamana. Nikamwambia nalijua hilo, nimejenga mwenyewe.

Watu sita waliokuwa wakisubiri ming'oko wakakifuata chungu kama kuku wanaofuata pumba. Wageni sita! Wapakiaji wa lori kutoka Kilwa, sijapata kuwaona maishani. Walikaa kwenye meza zangu, wakala, wakasifu. Walipoomba chungu cha pili niliwaeleza kwamba mapishi ya kifalme hayaharakishwi. Wakarudi kwa Bi Esha. Si kitu. Walikula kwangu!

Nimemwandikia Romana barua, nimempa dereva anayepita Mtama. Nimeandika kwamba wageni sita wamekula ming'oko katika Hoteli ya Kifalme na wamelamba vidole. Chungu sikukitaja. Barua isiwe ndefu.

Kesho nachukua tena, mara tu nikiona vumbi la gari la Bwana Kondo.

Jumamosi, 12 Agosti

Nimeibiwa! Hapana, kwa hasira sijui niandike nini. Nianze mwanzo.

Asubuhi nilivaa shati jeupe. Nilikuwa nalifuta birika mlangoni nilipoona Bi Esha anavuka barabara na dada zake wawili na wakwe zake wanne, wote wanaimba. Akanisalimu vizuri. Akasema mtani, na sisi tumefuata haki yetu. Wakabeba meza. Zote nne! Wakabeba viti. Mmoja akanipokonya birika mkononi huku akinipa pole. Na Bi Esha mwenyewe, mama mtu mzima, akapanda juu ya kiti changu cha mwisho, akaking'oa kibao changu, akakitwika kichwani.

Nikapiga kelele. Nikamwita mwizi mbele ya watu. Nikasema nitakwenda bomani Lindi kwa Bwana Shauri, afisa wa serikali.

Barabara nzima ikaanza kushangilia. Mtani kakasirika! Kakasirika! Wazee wawili waliokuwa wakinywa uji kwa Bi Esha wakaketi palepale kuhukumu, hata bakuli hawakuweka chini. Wakasema jana nilichukua na hakuna aliyenuna, leo nimechukuliwa nikanuna. Faini, jogoo mmoja. Nikitoa jogoo, vitu vyote vinarudi na maneno yamekwisha. Nisipotoa, vitu vinakaa kwa mtani, na kila apitaye ana haki ya kunicheka.

Jogoo ninaye. Yule mwekundu, nyuma ya nyumba. Damiani alikwisha kwenda kumkamata. Nikamwambia amwachie! Kumtoa jogoo ni kukubali kwamba nimekosa, na mimi sikukosa. Utani nimeuanzisha mimi, iweje unirudie mimi?

Mara vumbi. Gari. Bwana Kondo kafika, kijana mwembamba, miwani, daftari mkononi. Akatazama kushoto: nyumba tupu ya bati, na mbuzi wa jirani kaingia kuangalia kulikoni. Akatazama kulia: banda limejaa, meza nne, juu ya mlango wamekwisha tundika kibao chenye herufi nyekundu, HOTELI YA KIFALME. Akaenda kulia.

Ningefanya nini? Nikawaza upesi. Nikavuka barabara, nikanyakua birika langu, nikachukua beseni, nikawa mtu wa kuwanawisha wageni mikono, ili nilifikie sikio lake. Nikamnawisha polepole mno. Nikamnong'oneza kwamba hoteli ya kweli ni ile ng'ambo. Akatazama, akamwona mbuzi, akacheka, akaandika. Nikamweleza kwamba kibao ni changu. Akasema nimekichora vizuri. Nikamweleza jinsi ming'oko inavyopikwa, maneno mengi, kuanzia moto mkali. Bi Esha aliniacha niseme mpaka nikaishiwa, kisha akamweleza ukweli kwa sentensi mbili. Yote yakaingia kwenye daftari.

Alikula sahani nne. Upelelezi wangu uliishia tatu.

Jumanne, 15 Agosti

Jibu la Romana limefika. Nimelisoma nimesimama. Salamu kwanza, za baba na mama na mbuzi wote. Kisha ananiuliza jambo moja tu: hao sita, wamerudi?

Wamerudi. Wanarudi kila lori lao lipitapo. Wanakula kwenye meza zangu, chini ya kibao changu, kwa Bi Esha. Sijui jibu hilo linaandikwaje.

Damiani anasema nimtoe jogoo. Dereva wa lori anasema nimtoe jogoo. Hata Bi Esha leo kavuka na bakuli la kisamvu, akaniambia bila mzaha kwamba kibao kinamsumbua, kinagonga gonga usiku kwa upepo, nimletee jogoo hata mdogo nichukue mbao zangu. Nikamwambia mwanamume habadiliki kwa kisamvu. Nilikula chote baada ya yeye kuondoka.

Alhamisi, 24 Agosti

Gazeti! Dereva kaleta mawili, moja kaliacha hapa, la pili anampelekea Mzee Kornelio, ambaye husoma hata karatasi za kufungia sabuni.

Nimelikuta jina letu kati ya bwana mmoja wa Kilwa apikaye pweza na mama mmoja wa Lindi mjini mwenye mkate wa kumimina. Nanakili neno kwa neno:

"Mingoyo, penye njia panda. Msafiri asipite bila kusimama Hoteli ya Kifalme, kwa Bi Esha Likwata. Ming'oko yake ni laini kuliko yote niliyoionja jimboni. Ugali wa muhogo, kisamvu na ukarimu. Ana mtumishi mmoja msemaji sana, lakini ananawisha mikono vizuri."

Mtumishi!

Nimelisoma mara kumi na moja. Hata hivyo jina ni jina. Hoteli ya Kifalme imetajwa gazetini, na jina hilo nililitunga mimi. Romana atasoma, atajua.

Jumamosi, 26 Agosti

Amekuja!

Lori la Mtama limesimama saa nne na Romana akashuka na furushi lake na sufuria mbili. Amenawiri. Nilisimama mlangoni na shati jeupe, mikono wazi.

Akasoma kibao. Akaingia kwa Bi Esha.

Nikavuka mbio. Nikamkuta kaonja mchuzi tayari, anauliza kama umetiwa ndimu. Nikamwambia nyumbani ni kule. Akanisalimu kwa heshima, hakuna neno baya. Akasema aliahidi kurudi katika Hoteli ya Kifalme siku wageni watakapokula humo na kurudi tena. Wageni hawa hapa, wanarudi, yeye pia karudi. Akasema tangu aolewe leo ndiyo mara ya kwanza kupewa mwiko katika hoteli hii. Alipolisema hilo sauti ilimtetemeka kidogo, nikainamisha macho. Lilinichoma. Nimeandika, imetosha.

Bi Esha akaniita pembeni. Akasema atampa Romana chumba cha binti yake. Ila nikileta jogoo leo, kibao kinavuka barabara jioni, na mwanamke aliyekifuata kibao kutoka Mtama hatashindwa kukifuata hatua ishirini, mradi huko aendako nako kuna mwiko. Romana alisikia. Hakukana. Alikuwa akinitazama.

Jogoo aliwika palepale, mshenzi yule, wote wakanigeukia.

Nikasema sitoi.

Jumapili, 27 Agosti

Nimetoka kanisani na akili safi. Sikusikia mahubiri, nilikuwa nafikiri.

Nilikosea wapi? Hakuna mahali. Nilichukua chungu kidogo, basi nikalipwa kidogo. Desturi haikuweka kipimo. Aliyeko kwa mtani ni wa mtani, na cha mtani kinachukulika, na mwenyewe haruhusiwi kununa. Kesho saa sita kamili, banda likijaa, nitavuka barabara, nitatangaza haki yangu, nitambeba Romana mbele ya wateja wote mpaka nyumbani.

Bi Esha hatakasirika. Romana je? Romana si wa ukoo wa Bi Esha, ni mke wangu, kwa hiyo faini haimhusu. Nimelipima kila upande.

Tatizo ni moja tu, amenenepa kwa baba yake. Damiani amekubali kushika miguu.