Vitunguu Saumu Vinatafuta Mkurugenzi Ng'ambo

Sosthenes Margwe,
Nangara, Babati,
Manyara.

Mheshimiwa Bi. Kirsten, Msajili wa Makampuni, Ng'ambo,

YAH: MASHARTI YENU KWA WAGENI WANAOSAJILI KAMPUNI

Natumaini u mzima, wewe na wote wa ofisini kwako. Sisi huku hatujambo, isipokuwa harufu. Nilipokuandikia kuomba kusajili kampuni yangu ya vitunguu saumu, nilitegemea pongezi. Ukanijibu kwa masharti! Nami sina ujanja, maana mnunuzi wa huko kwenu amekataa katakata kununua ila kwa kampuni iliyosajiliwa huko huko. Wakati huo mavuno yote yamejaa ndani: sebuleni, uvunguni, hadi juu ya kabati la vyombo. Mke wangu, Mama Paskalina, amehamia kwa dada yake kule Maisaka na ameapa harudi mpaka vitunguu vitoke. Nina hamu naye, nasema wazi.

Kwa heshima zote, malalamiko yangu ni haya:

1. Mmedai bili za umeme kuthibitisha ninapoishi. Bi. Kirsten, huku tunatumia Luku. Tunalipa kwanza, ndipo taa inawaka. Bili ni ya mtu anayekopeshwa umeme. Sasa mimi nisiyekopa ndiye nionekane sina kwangu?

2. Mmetaka namba ya nyumba. Ninayo, imebandikwa mlangoni, ila hakuna anayeijua. Mtajie bodaboda namba hiyo, atakuuliza kama wewe ni karani wa sensa. Mwambie kwa Baba Paskalina, penye harufu, atakufikisha bila kuuliza njia. Nimeandika hivyo hivyo kwenye fomu, mmeirudisha. Jamani!

3. Mkurugenzi mmoja lazima awe mkazi wa huko. Hapa ndipo mliponiudhi hasa. Huko simjui mtu isipokuwa wewe. Na huku kwetu anayeitikia hodi ndiye mwenyeji. Hamwambii mgeni akatafute mwenyeji kwingine. Mimi nilipiga hodi kwa barua, wewe ukaitikia. Basi nimekuandika wewe kuwa mkurugenzi. Usinishukuru. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

4. Ofisi ya kampuni iwe na anwani huko huko. Nimejaza "nyumbani kwa Bi. Kirsten", bodaboda wa huko watapajua. Nakuomba utenge chumba kimoja chenye hewa nzuri.

5. Mkutano mkuu wa wanahisa ufanyike kila mwaka. Wanahisa ni mimi na wewe. Njoo Babati, utakula samaki wa ziwani, tutapitisha maazimio taratibu. Mumeo anakaribishwa, ila hana kura.

Kwa hiyo naomba masharti haya yafutwe. Ikishindikana, uyatimize wewe mwenyewe kwa niaba yangu, maana uko karibu na ofisi.

Wasalimie wote wa nyumbani, mlinzi wa getini, na anayewachemshia chai hapo kazini.

Wako katika kampuni,

Sosthenes Margwe (Baba Paskalina),
Mkurugenzi mwenzako.

N.B. Kabla sijafunga bahasha, Mama Paskalina ameingia. Kumbe amepata mfanyabiashara mwenye lori la Fuso pale sokoni, na vitunguu vyote vimepakiwa leo hii, wala hakuna aliyeulizwa bili ya umeme. Nimefurahi hadi nikaenda kumchinjia kuku. Niliporudi, nikamkuta ameisoma barua hii yote. Sasa amekaa mlangoni na begi lake mapajani, anataka kujua huyu mwanamke wa ng'ambo niliyeungana naye ni nani, tutakutana kila mwaka kufanya nini, na chumba chenye hewa nzuri ni cha nani. Nimemweleza habari za wanahisa, amezidi kukasirika. Bi. Kirsten, nakusihi, niandikie upesi, kwa muhuri mkubwa, kwamba sina kampuni huko, sina anwani huko, na wewe hunijui kabisa. Na kama kuna sharti lolote ambalo bado hamjaniwekea, tafadhali liwekeni.