Kifungo cha Pili Kutoka Juu

Jumatatu, 3 Machi
Asubuhi bosi katangaza: Dada wa Vifungo anaacha kazi Jumamosi. Mdogo wake kafungua duka la nguo mji mwingine, anamhitaji. Mafundi wenzangu wakapiga makofi. Mimi nikaunguza kola ya mteja.

Mwaka mzima napiga pasi karibu na dirisha lake. Najua anavyokata uzi kwa meno. Najua anavyotikisa kopo la vifungo kabla ya kuchagua kimoja. Yeye ananijua kama anavyolijua kabati. Inauma.

Jioni, bahati! Daktari redioni anaeleza jinsi ubongo unavyogawa umakini wake. Hauwezi kushika kila kitu. Unachagua kimoja, vingine unavififisha. Kisichobadilika unakizoea mpaka hukioni tena. Kinachobadilika ghafla unakigeukia hata kama hukutaka. Kumbe tatizo ndilo hilo. Mimi sibadiliki! Akaendelea na onyo fulani, namna ya kutumia umakini kwa busara, lakini hapo palinipita. Nilikuwa napanga mpango.

Jumanne, 4 Machi
Nimekata kifungo cha pili kutoka juu kwenye koti langu la kazi. Mshona vifungo hawezi kuvumilia pengo. Ataliona, ataniita, tutaongea, hataondoka.

Kasoro: pasi ina joto, koti huwa nalivua na kulitundika nyuma ya mlango. Pengo limeonwa na mlango. Wakati huohuo mkata vitambaa wetu, tunayemwita Manukato, kavuta kiti kwa Dada akamuuliza mama yake anaendeleaje. Kisha akamsikiliza muda wote wa chai. Hana mbinu yoyote, maskini.

Jumatano, 5 Machi
Nimehamisha msumari. Sasa koti linaning'inia mbele ya meza yake kabisa. Siku nzima nimeyalinda macho yake. Yalipanda kwenye koti, nadhani. Au kwenye saa ya ukutani. Nimeunguza suruali.

Jioni nilivaa koti bila kulitazama, maana nilikuwa namtazama yeye akijifunga mtandio. Nyumbani nikaoga, nikala, ndipo nikaligeukia. Kifungo kipo! Uzi wa bluu, safi. Shangazi huyu ninayeishi naye! Nimemwomba kwa heshima zote asiguse nguo zangu. Kaapa hajashika sindano tangu macho yaanze kuingia ukungu. Watu wazima nao kwa kukana. Nimekikata tena.

Ijumaa, 7 Machi
Jana kifungo kilirudi. Shangazi ni king'ang'anizi. Nikakikata.

Leo tukio kubwa. Nilivumilia joto, nikapiga pasi nikiwa na koti mwilini. Dada akaja mpaka mezani kwangu! Kasimama karibu, ananukia sabuni na chaki ya kushonea. Moyo ulinidunda mpaka nikashika pasi upande usioshikwa. Akasema maneno kadhaa kwa sauti ya chini. Mimi nilikuwa nimeyakazia macho yake, nayasubiri yashuke kwenye pengo. Nikaitikia, ndiyo, ndiyo. Akasema haya kaka, akarudi dirishani. Nikavua koti, nimelowa jasho.

Baadaye Manukato akanifuata, kanuna. Eti nimewezaje kumwambia aende? Eti dada wa watu aliniuliza kama naona ni vizuri aende.

Nimejisikia vibaya. Nilitaka kumkimbilia nimwambie abaki, kwamba bila kopo lake lile sijui nitasikiliza nini kutwa. Nikafika nusu ya chumba. Nikakumbuka kwamba ubongo hugeukia jambo la ghafla, na kusema ukweli mbele ya mtu hakuna mbinu ndani yake. Nikarudi kwenye pasi. Halafu tusisahau: kaniuliza mimi, hakumuuliza Manukato. Mpango unafanya kazi.

Jumamosi, 8 Machi
Kaondoka. Soda, keki, hotuba ya bosi. Nilisimama karibu na msumari wangu, koti likining'inia ubavuni. Aliniaga wa mwisho. Akaligusa koti, akasema nilitunze. Nikasema nitalitunza.

Kisha mlango, kisha viatu vyake kwenye ngazi, kisha kimya. Dirishani kimebaki kiti na vipande vya uzi. Nimekaa kwenye kiti hicho mpaka bosi akaja kufunga. Nilianza kumkumbuka hata kabla hajafika kituo cha basi.

Jumapili, 9 Machi
Kifungo kimerudi, safari hii kwa uzi mwekundu! Kwenye koti la bluu! Nimempelekea Shangazi, nikamwambia kama kaishiwa uzi angesema. Akakipapasa kwa vidole muda mrefu, akaniuliza yule binti wa vifungo kaondoka lini. Nikamwambia asibadilishe mazungumzo. Akaeleza jambo refu kuhusu mkono ulioshona, kwamba haukuwa na haraka, kwamba nifumbue macho, sijui nini. Sikulishika vizuri. Nilikuwa natafuta mkasi.

Maana nimepata mpango. Jumamosi ijayo napanda basi mpaka mji wa mdogo wake. Nitasimama mlangoni pa duka na koti lisilo na kifungo hata kimoja. Hapo lazima anione. Nimeanza na hiki chekundu. Kilishonwa kweli, uzi umezungushwa na kuzungushwa, kimenipa kazi. Nimeutoa wote.