Malalamiko Kuhusu Jiwe Mgonjwa la Bwana Shamsudin

Kwa Ndugu Mwenyekiti wa Mtaa,
Bagamoyo.

Ndugu Mwenyekiti,

Assalaam alaikum. Shikamoo, na kama mimi ndiye mkubwa, utanirudishia tukionana. Naitwa Shuaibu Ntandu, saidia fundi kutoka Singida. Nililetwa hapa kuziba nyufa za nyumba ya Bwana Shamsudin, ile ya kuta za matumbawe. Nyufa zimekwisha. Mimi bado nipo, kwa sababu Bwana Shamsudin anauguza jiwe, na hanipi ruhusa ya kwenda kumwoza binti yangu Mina Jumamosi ijayo. Naomba uamue. Malalamiko yangu ni haya:

1. Sebuleni kuna tangi la kioo lenye maji ya chumvi, na ndani yake matumbawe yaliyo hai. Moja limeanza kubanduka nyama, kutoka chini kupanda juu, linabaki mfupa mweupe. Nakubali linasikitisha. Lakini kwetu Singida mawe ni mengi kuliko watu, na sijasikia hata moja limelazwa.

2. Hili limelazwa. Limepewa ndoo yake peke yake lisiwaambukize wenzake. Linaogeshwa dawa. Linapunguziwa taa. Mimi nilipougua malaria nilipewa vidonge na karai la zege.

3. Umeme ukikatika pampu inazimika, nami natakiwa kukoroga maji kwa mwiko, taratibu, bila kupiga mluzi. Bwana Shamsudin anasema mabadiliko ya ghafla ndiyo yanayoliua. Kisha kwa hofu anabadilisha yeye kila kitu, asubuhi na jioni.

4. Jirani yetu Bi. Mwanamkasi aliniuliza mbona nimekonda. Nikamjibu kweli tupu: mgonjwa wetu hali yake mbaya, nyama zinabanduka. Ndugu Mwenyekiti, watu wa Pwani kwa kumjulia mgonjwa hali hamjambo. Ilipofika alasiri baraza limejaa. Uji wa mchele umekuja, madafu yamekuja, na Mzee Mwinshehe kavua viatu, anaomba aonyeshwe mgonjwa alipolala amsomee dua. Nikawaonyesha ndoo. Bi. Mwanamkasi akasema ameona mengi duniani, ila kupikia jiwe uji ndiyo mara ya kwanza, na akanitazama mimi kana kwamba ndimi niliyelizaa. Uji niliunywa, nisiseme uongo.

5. Juzi nikaamriwa nilikate. Kipande chenye uhai nikitenge kwa koleo, nikigundishe juu ya kijiwe kingine, huenda kikapona. Nimekata. Nililiomba radhi kwanza, mimi ambaye nimebomoa kuta nzima za matumbawe huku naimba.

6. Hapa ndipo penye hoja yangu. Kama tumbawe ni kiumbe cha kuuguzwa, basi chumba ninacholala kimejengwa kwa maiti za ukoo wake, na magofu ya Kaole pia, na nusu ya mji huu. Itabidi mtaa mzima ukae matanga. Kwenye matanga kazi husimama, kwa hiyo nipewe ruhusa. Na kama ni jiwe tu, jiwe haliuguzwi, kwa hiyo nipewe ruhusa. Hoja hii nimeipima kwa timazi pande zote mbili. Imenyooka.

Binti yangu ana walii mmoja tu wa kumwoza, ambaye ni mimi. Jiwe lina ndoo, pampu, taa na Bwana Shamsudin. Naomba umwite umweleze hivyo, kwa upole, maana bado nalala kwake.

Nisalimie mama watoto, wajumbe wote, Mzee Mwinshehe, na Bi. Mwanamkasi. Sufuria yake ya uji nitaileta.

Wako niliyelowa chumvi hadi viwikoni,
Shuaibu Ntandu.

Nimesahau: Ruhusa nimepewa asubuhi hii, kabla sijaifunga barua. Naondoka Alhamisi. Ila kile kipande nilichokigundisha juzi, leo kimetoa vidole vyake vidogo, na aliyekiona wa kwanza ni mimi. Bwana Shamsudin simwamini, ana papara. Tafadhali pita wewe kila siku baada ya alasiri umjulie hali. Usipige mluzi. Akijikunja usichukie, hamzoei mgeni upesi. Na akianza kubanduka tena nipigie simu, hata kama sheikh ameshaanza hotuba ya nikahi. Nitapokea.