Amplifaya Iliyoatamia Mayai

Jumatatu, 2 Agosti 1993
Biashara huria imefika Itigi na imenikuta macho! Hii amplifaya ya valvu, vile vitaa vya kioo vinavyowaka ndani, niliyoipata kwa kutoa baiskeli yangu, ina joto tamu ajabu. Kuku akiatamia huacha mayai akaenda kula. Valvu hazili. Nimechukua mayai ya mke wangu Yasinta, nimeyapanga juu ya mtambo, nimefunika kwa blanketi zito. Lazima, maana jenereta ya Mzee Antipasi, inayowasha mtaa wetu wote, huzimwa mapema usiku, na joto lisipofunikwa litatoroka. Jumamosi mtambo huohuo utapiga muziki kwenye harusi ya shemeji yangu Chediel. Wenzangu wamelala!
Jioni: puu! Fyuzi imekatika.

Jumanne, 3 Agosti
Fyuzi mpya. Puu! Yasinta kasema nitoe blanketi. Nikamuuliza umeme alisomea wapi. Akajibu hakusoma, ila hata yeye akifunikwa blanketi jua kali atakatika. Nimempuuza. Nimebadilisha waya, plagi na soketi. Namshuku jirani Laurian. Tangu aletewe redio kaseti ya Dubai anatembea kama stesheni masta, na harusi ile anaimezea mate.

Jumatano, 4 Agosti
Kaja baba mkwe, Mzee Mathayo. Nimempa shikamoo mara mbili, ya pili ya kumzuia asifunue blanketi. Kasema mbele ya mke wangu kwamba Ijumaa atakuja kusikiliza. Mtambo usipolia, anaitwa Laurian, na mimi nitachota maji ya wapishi. Maji! Mkwe mzima! Usingizi utanipata wapi?

Ijumaa, 6 Agosti
Mzee kaketi, kasikiliza. Mtambo ukakohoa, ukaanza wimbo vizuri kabisa, puu! Nikakimbilia dukani kwa Evodia. Fyuzi zimekwisha. Kaniuliza kama huwa nazila.
Laurian kaitwa. Nimekabidhiwa ndoo.
Haiwezekani! Nimeweka msumari mahali pa fyuzi. Tuone kama na msumari utakatika.

Jumamosi, 7 Agosti
Harusi. Laurian anapiga, watu wanacheza, hata mama mkwe! Mimi na ndoo yangu. Roho iliniuma jamani. Nikatoroka kwenda nyumbani, nikawasha mtambo niupeleke ukiwa umeshapata moto. Msumari imara, haukutikisika! Moshi kidogo tu. Kisha jenereta ya Mzee Antipasi ikaguna, ikanyamaza. Mtaa mzima giza. Laurian kimya!
Akina mama wakapiga vigelegele, wakaanza kuimba wenyewe, harusi ikanoga kuliko mwanzo. Hakuna aliyemuulizia yeye wala mimi. Kwa hiyo mimi na Laurian tumetoka sare.

Jumapili, 8 Agosti
Mzee Antipasi kapita kunitafuta. Nilikuwa chini ya kitanda kwa shughuli zangu. Baba mkwe nimemwamkia kanisani, hakuitikia. Hilo limeniuma kweli, sitanii.
Yasinta kafunua blanketi, kapasua yai. Limeiva gumu! Kaketi chini, kacheka mpaka kalia, au kalia mpaka kacheka, sikuelewa. Mimi nilikuwa nalitazama yai. Keshokutwa treni ya Kigoma inasimama hapa, na abiria wanapenda mno mayai ya kuchemsha. Stesheni wana jenereta yao wenyewe. Nimeshanunua msumari mnene zaidi, na mke wangu nimemwomba blanketi la pili.