Mgeni Anayejulikana Nchi Nzima

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimepewa siku tano za kuokoa kazi yangu. Nimezipokea kwa tabasamu.

Mkurugenzi wa shirika letu la vijana alituita ofisini, mimi na Filimbi. Filimbi ni mwenzangu kazini. Anaendesha klabu ya vijana katika shule ya upande wa sokoni, na filimbi haimtoki shingoni. Jina hilo nimempa mimi. Kwa siri. Mkurugenzi akasema Ijumaa wanakuja wageni watatu kutoka halmashauri ya jiji. Klabu yenye vijana wachache itafungwa, na waliomo watahamia kwa mwenzake.

Filimbi ana vijana sitini na wanane. Mimi ninao watano. Na mmoja huja kuchaji simu.

Nikamweleza Mkurugenzi kwamba mimi naangalia ubora. Akasema wageni wataangalia viti.

Baada ya masomo nikawapa habari vijana wangu. Kisha Wakili akainua mkono. Wakili ni msichana wa kidato cha pili, mwembamba kama rula, mbishi kupita maelezo. Alishawahi kumkatia rufaa mwalimu wa hesabu, na akashinda. Akasema kwa Filimbi ni mbali, wazazi hawatawaruhusu kuvuka barabara kuu mbili.

"Tutarudi kukaa kwenye ngazi za ghorofa, Anko," akasema. "Na pale tunafukuzwa."

Nikasema wasiwe na wasiwasi, nina mpango.

Sina mpango.

Jumanne, 4 Machi

Nimepata mpango! Siri ya Filimbi si kipaji, ni filimbi! Akipuliza, vijana wanakusanyika. Basi nami nimejipatia yangu, kubwa zaidi, kama ya mwamuzi wa mpira.

Saa nne na nusu nikasimama katikati ya uwanja wa shule. Nikapanda juu ya kreti la soda. Nikapuliza kwa pumzi yangu yote.

Wakaja! Madarasa yote! Wanafunzi mia nane, wamepanga mistari bila kusukumana, walimu mbele wameshika madaftari ya mahudhurio. Sijawahi kupendwa hivi. Nikaanza hotuba. Nilikuwa nimefika kwenye "Ndugu zangu vijana," mpishi wa shule akatokea mbio na ndoo ya mchanga, anauliza moto uko wapi.

Kumbe filimbi ndefu ni ishara ya moto. Mtu angeniambia!

Mwalimu mkuu ameninyang'anya filimbi. Ameitia kwenye droo, pamoja na manati na karata alizowanyang'anya watoto. Amesema nikiitaka nije na mzazi.

Kwenye ripoti ya wiki nimeandika: waliohudhuria, 800.

Jumatano, 5 Machi

Kuna mambo yako mbele ya macho yako miaka yote, huyaoni.

Ninakaa kwa dada yangu mkubwa, fundi cherehani, na mume wake. Dada ana siri. Miaka kumi na moja iliyopita kampuni moja ya simu ilikuwa inatafuta sauti tamu. Wakampata yeye. Ndiye yule anayesema: "Samahani. Mteja unayempigia hapatikani kwa sasa. Tafadhali jaribu tena baadaye." Nchi nzima imemsikia. Wengine kila siku. Hataki ijulikane, maana watu wakimpigia, akapokea, wanakata. Shemeji anasema enzi za uchumba alikata mara nne kabla ya kung'amua kwamba amepokelewa.

Mtu maarufu! Humu ndani! Na mimi nahangaika na filimbi!

Nikamwomba dada aje Ijumaa awape vijana maneno mawili matatu kuhusu ushonaji. Alikuwa na pini mdomoni. Akasema atakuja, mradi nisilete mambo yangu. Nikauliza mambo gani. Akazitoa pini zote ili anijibu vizuri. Shemeji akatoka nje. Mwishowe nikaapa.

Kisha nikaenda kubandika matangazo. IJUMAA SAA KUMI! UKUMBI WA SHULE! MGENI ANAYEJULIKANA NCHI NZIMA! SAUTI YAKE IMO NDANI YA SIMU YAKO!

Kila neno ni kweli tupu. Ndio uzuri wa kuwa mtu mwaminifu.

Alhamisi, 6 Machi

Ajabu na kweli! Asubuhi mgeni alikuwa "msanii fulani." Saa nne akawa yule mwimbaji ambaye wasichana wamebandika picha zake kwenye vifuniko vya madaftari. Saa saba anakuja na wacheza shoo kumi na wawili, na moshi wa jukwaani. Mimi sijasema lolote. Nikiulizwa, natabasamu tu. Ila natabasamu kwa namna fulani.

Wakili amekuja na daftari lake. Akauliza kama mgeni anaimba. Nikasema ana sauti. Akauliza kama ana albamu. Nikasema kazi yake moja inasikika nchi nzima kila dakika. Akaandika. Nikachungulia. Ameandika: "Shahidi anakwepa maswali."

Halafu akaja Filimbi. Vijana wake wote sitini na wanane wameomba ruhusa waje kwangu. Nilijitahidi nisicheke. Nilishindwa.

"Kaka, ukiwadanganya hawa watoto," akasema, "hawatatuamini tena. Si wewe, si mimi."

Wivu mtupu. Nimemhurumia.

Ijumaa, 7 Machi

Nitaeleza kwa mpangilio.

Ukumbi una viti mia mbili. Walikuja vijana mia sita. Waliokosa viti walikaa madirishani. Wageni wa halmashauri, suti tatu, walikaa mbele wakiwa na macho ya watu wanaohesabu na kusahau walipofikia. Mkurugenzi alinipa mkono. Mara mbili!

Saa kumi kamili dada akaingia, futi ya kitambaa shingoni, mfuko wa vipande vya nguo mkononi. Shangwe ikapanda hadi darini. Kisha ikashuka. Wote wakawa wanachungulia nyuma yake.

Akashika maikrofoni. "Hamjambo, vijana?"

Mara kutoka dirishani: "Huyu namjua! Ni yule wa hapatikani!"

Jamani! Ukumbi ulilipuka. Mmoja anacheka analia. Mwingine anapiga kelele kwamba mama huyu amemkosesha mchumba. Wa tatu anataka kujua wateja wote hao huwa wako wapi. Dada akageuza shingo kunitafuta. Polepole. Ndipo wakaanza: "Mwimbaji! Mwimbaji!" Viti vikaanza kugongwa sakafuni.

Nikaona ni busara nikakague usalama katika stoo ya mipira.

Mlango ukajifunga. Stoo ile haina kitasa kwa ndani. Yaliyofuata nimeyasikia kupitia tundu la ufunguo.

Nilimsikia dada akivuta pumzi. Kisha, kwa ile sauti yenyewe, tamu, isiyo na haraka: "Samahani. Mwimbaji mnayemtaka hapatikani kwa sasa. Tafadhali kaeni chini."

Wakakaa! Mia sita! Watu wamemsikiliza miaka kumi na moja, wameshazoea hakuna wa kubishana naye.

Wakili akaomba maikrofoni. Akasema ukweli ni kwamba wamedanganywa, na aliyewadanganya yuko kwenye mipira. (Aliniona!) Lakini, akasema, halmashauri inataka kufunga klabu kwa sababu inadhani vijana wa hapa ni watano. Leo iwahesabu. "Na tukishahesabiwa, tusemeni tunachotaka. Mmoja mmoja."

Filimbi akapuliza mara moja tu, fupi. Foleni ikajipanga.

Wakasema kwa saa nzima. Msichana mmoja anafanya kazi za shule kwenye ngazi, kwa tochi ya simu, na jirani anammwagia maji. Mvulana mmoja alisema uwanja wa halmashauri ulio nyuma ya shule hufungwa saa tisa, wao hutoka darasani saa tisa na nusu, kwa hiyo hajawahi kuukanyaga. Anauona tu. Miaka mitatu. Hapo hakuna aliyecheka, hata mimi huko stoo.

Mgeni mkubwa akauliza ufunguo wa uwanja anao nani. Kisha mgeni wa pili akakohoa. Ulikuwa mfukoni mwake!

Kelele zile sitazisahau. Nilikuwa nabamiza mlango kwa mpira ili nifunguliwe. Wao walidhani nashangilia.

Filimbi ndiye aliyenifungulia. Akauliza kama usalama nimeshaukagua. Nikamjibu kwamba uko vizuri.

Dada amerudi nyumbani peke yake. Nimempigia mara sita. Hapatikani. Sijui ni simu au ni yeye mwenyewe.

Jumamosi, 8 Machi

Matokeo! Klabu zote mbili zinabaki. Uwanja utakuwa wazi hadi saa kumi na mbili jioni, na Filimbi amekuwa mratibu wa shule zote. Vijana wamechagua kamati yao, mwenyekiti ni Wakili. Mimi nimepewa wadhifa wa kufungua geti la uwanja na kulifunga. Mkurugenzi alinieleza hayo taratibu, kama mtu anayempa mgonjwa habari. Hakujua namna ya kumpandisha mtu cheo kama hiki bila kuwaumiza wengine.

Wakili amenitaka niwaombe vijana radhi mbele ya geti. Nikaomba. Akasema haikutosha. Nikaomba tena. Akaandika "Imepokelewa," akanipa ufunguo. Walipoingia uwanjani kwa mara ya kwanza hawakucheza. Walikimbia tu. Huku na huku, wanapiga mayowe, mia kadhaa, viatu mikononi. Niliangalia pembeni kwa sababu ya vumbi machoni.

Nani amefanya yote haya? Mtu mmoja, kwa tangazo moja. Hapo sijivuni, nasoma ushahidi.

Ndiyo maana mchana huu nimebandika jingine getini. Mwezi ujao, siku ya Jumamosi, timu ya vijana kutoka ng'ambo inakuja kucheza na sisi.

Ng'ambo gani, sijaamua. Nina wiki nne nzima za kutafuta watu kumi na mmoja wasiojua Kiswahili.