Pweza Mmoja kwenye Kamba ya Manusos

Alhamisi, 8 Agosti

Joto. Mfungo wa Bikira Maria umefika katikati. Kijiji kizima hakigusi nyama wala samaki. Pweza ruksa, maana hana damu. Basi siku hizi pweza ndiye mfalme hapa bandarini. Watalii nao wameiga, wanataka pweza wa makaa na glasi ya uzo, pombe yetu kali, hawataki kingine.

Kamba ya Sarandis, mwenye mkahawa ng'ambo ya gati, imejaa pweza wanaokauka juani kama soksi za familia kubwa. Kamba ya mkahawa wangu ina vibanio vya nguo. Wageni wanashuka kwenye boti, wanatazama kamba yake, wanatazama vibanio vyangu, wanakwenda kwake. Simlaumu mtu. Namlaumu Sarandis.

Na bado! Marigo, mke wangu, ambaye ndiye mpishi, kaniambia Sarandis amemwomba akapike kwake. Kamwomba waziwazi, mlangoni mwa kanisa. Sarandis huyuhuyu, kumbaro wangu, msimamizi aliyetushikia mataji siku ya harusi yetu! Marigo atampa jibu sikukuu ya Bikira ikishapita. Kasema amechoka na maarifa yangu. Kanikumbusha mwaka jana, nilipowatoza wageni ada ya kutazama jua likizama. Anataka kitu kimoja tu: tuuze tulicho nacho, dengu zake na nyanya zake za kujazwa wali, na tuseme ni nini.

Bila Marigo sina mkahawa, nina viti. Mimi hata yai linanishinda. Lazima meza zijae kabla ya sikukuu, aone mwenyewe kwamba mumewe ni mtu wa maana. Nina mpango.

Ijumaa, 9 Agosti

Nimetoka na mashua na ile ndoo yenye kioo chini. Asubuhi nzima nimeinama. Mgongo kwisha. Nimepata pweza mmoja. Na huyo mmoja ana mikono saba! Wa nane sijui uliliwa na nani huko mwambani. Haidhuru, nani anahesabu?

Nimempigapiga kwenye mwamba, nimemtundika katikati ya kamba. Kisha nikapanda pikipiki hadi mjini, nikarudi na pweza wa friza, sanduku zima. Wa kamba ni wa macho, wa friza ni wa tumbo. Rahisi! Kwa nini sikuwaza hili miaka yote?

Familia ya Wafaransa imekaa. Imekula. Marigo kauliza pweza hawa wametoka wapi. Nikasema baharini. Si uongo. Bahari fulani.

Jumamosi, 10 Agosti

Kizuizi. Sheria inataka chakula cha friza kiwekewe kinyota kwenye menyu. Marigo kakichora mwenyewe, mbele ya neno pweza, kikubwa, kwa kalamu nyekundu. Kasema hatadanganya watu katika mfungo wa Bikira, na nikikifuta atakichora kwenye paji la uso wangu.

Sijakifuta. Nimeongeza vingine. Dengu nyota, mkate nyota, zeituni nyota, hata maji. Sasa ni mapambo! Bi Irmgard, yule Mjerumani, mwalimu mstaafu anayepanga chumba chetu cha juu kila Agosti, kauliza nyota zina maana gani. Nikamwambia ni vyakula ninavyovipenda sana mimi mwenyewe. Akasema kumbe napenda kila kitu. Nikasema ndivyo nilivyo, mama, nina moyo mkunjufu.

Jumatatu, 12 Agosti

Maajabu! Bi Irmgard kila asubuhi anampiga picha pweza wangu kutoka roshani. Kamzoea. Kampa na jina: Helmut. Kasema aligundua siku ya pili kwamba ni yuleyule, kwa sababu ya mkono unaokosekana. Nikatokwa jasho. Lakini hakukasirika! Kawaambia wageni wote wa ufukweni, na leo wamekuja makundi kupiga picha na Helmut. Foleni hadi kwenye nyavu! Nilisimama mlangoni kifua mbele.

Wakishapiga picha wanakwenda kula kwa Sarandis.

Sarandis kanipigia kelele kutoka ng'ambo, bandari nzima ikasikia, eti kumbaro, mpe mwenzako likizo, ameshaungua mgongo! Nikamjibu pweza wangu ana mashabiki, wake wana majirani tu. Sijui nilikusudia nini. Lakini nilisema kwa sauti.

Jumanne, 13 Agosti

Helmut amekauka. Anagonga ukuta upepo ukivuma. Nimempaka mafuta ya zeituni ang'ae. Nyigu wamefurahi sana.

Marigo hagombi, hata hanitazami vibaya. Anapiga pasi gauni lake la buluu, na kabatini kuna sinia za vitumbua vya lozi. Dalili njema! Kaniuliza kama nakumbuka keshokutwa ni siku gani. Nikamwambia nitaisahauje, mke wangu, siku ya mauzo makubwa kuliko zote! Akaendelea kupiga pasi.

Jumatano, 14 Agosti

Siku mbaya. Nitaandika haraka.

Mkesha wa sikukuu kila mkahawa wa bandarini hupeleka uwanja wa kanisa sufuria moja ya pweza na tambi. Wote wanakula pamoja, wenyeji na wageni. Nafungua friza: tupu! Wafaransa wamemaliza. Marigo alishakwenda kanisani kupamba picha takatifu ya Bikira kwa maua. Kabla ya kutoka kasema akiulizwa atasema hatuna, na kusema hatuna si aibu.

Kwangu ni aibu. Nikamshusha Helmut.

Nimemchemsha tangu asubuhi. Nimetia divai. Nimetia siki. Nimetia na kizibo cha gome cha chupa ya divai, marehemu mama alikuwa akisema kinalainisha. Kizibo kililainika. Nikapeleka sufuria hivyohivyo, kichwa juu.

Papa-Anestis, padri wetu, akabariki, akauma. Meno yake ya bandia yakabaki kwenye mkono wa Helmut. Yalibaki pale, yanacheka! Bi Irmgard akachungulia sahani. Akahesabu mikono, nilimwona akihesabu. Akaweka uma chini, akalitaja lile jina kwa sauti ya msibani. Uwanja mzima ukaelewa. Sarandis alicheka mpaka akashika ukuta.

Hata Marigo alicheka. Nilimwona, nyuma ya leso. Kwa hiyo bado nina nafasi. Kesho meza zote lazima zijae!

Alhamisi, 15 Agosti

Nimefungua mapema, kuwawahi watu wanaotoka ibadani. Na wakaja! Lo, walivyokuja! Ua mzima, baraza yote, watu wamevaa vizuri, wana maua, wana maboksi ya keki. Nikasema moyoni, Manusos, umefika.

Nikagawa menyu. Wakazipokea, wakatazamana. Shangazi yake Marigo, mzee aliyeshuka ngazi zote za kijiji kwa fimbo, alivaa miwani akasoma zile nyota moja moja. Nikamuuliza atakula nini. Akasema mwanangu, mimi nimekuja tu kumpongeza. Nikamwambia pongezi zinakubaliwa, lakini meza ni ya wanaokula. Sarandis akaja na chungu cha mrehani. Nikamwambia hata kumbaro atalipa kahawa yake.

Marigo alikuwa amesimama nyuma yangu, na gauni la buluu, na sinia ya vitumbua.

Jina lake! Leo ni siku ya jina lake! Kila Maria na kila Marigo wa kisiwa hiki leo mlango wake uko wazi. Watu wanaingia bila kualikwa, wanalishwa vitamu, wanamtakia miaka mingi, na hakuna anayelipa hata tone la maji. Mtoto wa chekechea anajua. Na mimi nimempa shangazi yake menyu.

Marigo akazikusanya menyu. Akamshika shangazi mkono akamkalisha meza nzuri. Nilitamani ardhi ipasuke.

Ijumaa, 16 Agosti

Kaniambia wakati wa kahawa. Taratibu, kama anayesema hali ya hewa. Anakwenda kupika kwa Sarandis. Hanikimbii, atalala nyumbani, nguo zangu atafua. Lakini jikoni kwangu, basi. Kasema ya pweza angeyasamehe, alicheka hadi mbavu zikamuuma. Ila siku yake moja kwa mwaka, mbele ya watu wake, mumewe kaiona kuwa ni mauzo.

Kachukua kisu chake na sufuria ya nyanya. Akavuka gati.

Nililia kidogo, nakiri. Nikasimama kumfuata, nimwombe msamaha mbele ya Sarandis na wateja wote. Neno nilikuwa nalo mdomoni. Nikapita kwenye kamba. Kamba tupu, inangoja kitu. Nikasimama.

Jumamosi, 17 Agosti

Nimeanika aproni yake! Ile yenye michoro ya malimau, kila mtu anaijua. Katikati ya kamba, palepale pa Helmut. Anayepita ataona aproni, atasema Marigo yumo jikoni.

Na imefanya kazi! Meza moja imekaa, Waitaliano. Wakaagiza nyanya za Marigo. Nikasema mara moja! Nikatokea mlango wa nyuma, nikazunguka gati mbio, nikamwagiza Marigo jikoni kwa Sarandis. Akapakua. Akauliza ile aproni nimeianikia nini, mbona ilikuwa safi. Nikasema naitoa unyevu.

Jikoni kuna harufu ya mnanaa wa nyanya zake, ya mikono yake, na haiondoki. Kesho naongeza viatu vyake mlangoni.